Kisigino cha Namba Nne

9 Machi

Mpwa wangu Komeo,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungeandika. Huu ni mwezi wa pili sijaona bahasha yako, na kila asubuhi natega sikio mlango wa posta ukifunguliwa. Kibanda changu cha funguo bado kiko palepale ubavuni mwake, kwa hiyo usinisingizie kwamba barua ilipotea njiani. Njia yenyewe ni hatua tisa.

Huku tuko wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Amegombana na jirani wa ukutani kwa ajili ya kamba ya nguo, wakapatana, kisha wakagombana tena kuhusu nani aliyeomba radhi kwanza. Anakusalimu. Anasema mpaka leo haelewi kazi ambayo mtu anasifiwa kwa kitu ambacho hakikutokea. Nimemweleza kwamba beki ndivyo alivyo, akifanya kazi yake sawasawa hakuna cha kusimulia. Kanijibu kwamba hata yeye siku nyingi hana cha kusimulia, mbona hapigiwi makofi.

Macho yangu yanazidi kuchoka. Daktari anasema kuna mtoto wa jicho, na nyuma yake kuna kitu kingine ambacho hakitoki kwa kisu. Mistari hii ikipanda mlima na kushuka, vumilia. Usiniambie habari za simu. Nimekimbia pembeni mwa uwanja na kibendera mkononi miaka ishirini na miwili, na kila mechi niliiandikia ripoti. Kwangu mimi kisichoandikwa nakihesabu hakikutokea. Halafu kwenye simu wewe unacheka tu, ukibanwa unasema mtandao mbaya.

Jambo lenyewe ni hili. Timu ya wasichana ya hapa itafanya mashindano Desemba, kwenye uwanja uleule uliochezea wewe. Wanataka uje uyafungue na ukabidhi kombe. Kwao wewe ni msichana wa kwanza wa mji huu kuufanya mpira kazi, ukaenda kuchezea watu wa mbali. Nimeshawaambia utakuja, basi usiniumbue.

Na msimu umeishaje? Hujasema.

Mjomba wako


2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kimya. Mimi ni mzima, hali ya hewa inabana kidogo lakini nimezoea. Bado naishi ghorofa ya tatu na yule kipa wetu, dirisha letu linatazama karakana ya mabasi, na kila alfajiri mtu anayajaribu honi moja baada ya nyingine kama anaita mahudhurio. Kipa anakusalimu. Au niseme angekusalimu kama tungekuwa tunaongea. Siku hizi tunaongea habari za vyombo tu, nani ameacha sufuria kwenye sinki. Ni uchovu wa msimu, utaisha.

Mwambie mama goti alikande kwa maji ya uvuguvugu na jirani amwache. Mwambie pia kwamba wiki iliyopita nilifua jezi yangu mwenyewe kwa mikono, afurahi. Mashine ya klabu ilikuwa imejaa.

Msimu umeisha si vizuri sana. Tuliteleza mwishoni, mambo ya kawaida ya mpira. Mimi mwenyewe paja la kushoto lilivutika, kwa hiyo kocha ananipumzisha. Nafanya mazoezi peke yangu upande wa pili wa uwanja, nakimbia, nanyoosha, nakusanya zile koni za plastiki wakimaliza wenzangu. Si adhabu, ni kusaidia tu.

Kuhusu Desemba, siwezi kuahidi. Paja likichelewa kupona sitapewa ruhusa. Na kwani lazima niwe mimi? Wapo walimu, yupo diwani, watu wanaojua kuhutubia. Mimi nikisimama mbele ya watu nakosa pa kuweka mikono.

Nunua miwani nyingine, Mjomba. Ile ya fremu nyeusi unayo tangu nikiwa nyumbani.

Mpwa wako


28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Usishtuke kwa uzuri wa mwandiko. Maneno ni yangu, mkono ni wa msaidizi wangu wa hapa kibandani, ambaye pia ndiye anayenisomea. Wiki iliyopita nilichonga ufunguo nikauweka kwenye bahasha ya mtu mwingine, na mtu huyo akarudi akisema nimemfungulia maisha mapya lakini si mlango wake. Tangu hapo tupa ya kusugulia na jiliwa la kubania funguo nimeviacha kwa msaidizi, mimi nimebaki kupokea wateja na kupiga domo.

Mama yako anakusalimu na anauliza paja la kulia linaendeleaje. Umesikia? La kulia. Ndivyo ulivyomwambia kwenye simu. Mimi umeniandikia la kushoto. Ukitaka kudanganya ndugu wawili, wafanye kwanza wasiwe wanakula chakula cha mchana pamoja kila Jumapili.

Sasa nikuambie ninachokijua. Kinyozi wa mkabala ana simu kubwa kama sinia, na hakuna mechi yako inayompita. Aliniletea ile ya mwisho. Mimi sikuona ila kijani na vidoa vinavyokimbia, nikaomba nisimuliwe. Msaidizi wangu akaishika simu, akanisimulia: “Dakika ya themanini na nane. Pasi imepenya katikati. Mshambuliaji wao anaufuata. Beki namba nne amenyanyua mkono, Mjomba. Amesimama. Hakimbii. Anamtazama mshika kibendera. Kibendera hakijapanda. Goli.”

Nikaambiwa na matokeo yake, kwamba klabu imeshuka daraja. Wewe umeniandikia “tuliteleza”.

Sikugombezi. Naona aibu kukugombeza mtu mzima kwa barua. Lakini nakuuliza kama aliyekufundisha tangu una miaka tisa: nilikwambia nini? Kimbia kwanza, lalamika baadaye. Mkono wako si kibendera. Beki mzima, miaka kumi ya kazi, unasimama kama unayengoja basi! Kwa nini ulisimama, Komeo?

Mjomba wako


15 Juni

Shikamoo Mjomba,

Huku tu wazima. Wasalimie wote. Niambie kama mama amekwenda kupiga picha ya goti.

Swali lako nimelisoma. Nimeanza kulijibu mara tatu na karatasi zote tatu nimezitupa. Naomba uniache.

Paja halina kitu, yote mawili mazima. Naomba radhi kwa hilo. Kipa ameniambia maneno mawili nje ya habari za sinki. Aliniuliza, “Ulikuwa unangoja nini?”

Msaidizi wako ni nani? Anaandika vizuri kuliko sisi wote.

Mpwa wako


10 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha imepigwa, goti ni uzee tu, na mama yako amemkasirikia daktari kwa neno hilo. Jirani amekuja kumpa pole kwa hiyo wamepatana.

Msaidizi wangu ni mtu wa hapahapa. Ana mkono mtulivu na hapendi maneno mengi. Hayo yatosha.

Mimi sikuachi. Andika. Hata kama ni ubaya, uandike, kuliko kuuacha ukuzungukie kichwani huko peke yako. Desemba watoto bado wanauliza, wameshachora jina lako la utani kwenye ukuta wa uwanja, wamekosea herufi moja wakairekebisha.

Mjomba wako


4 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Barua hii isome mwenyewe. Azima miwani, azima kioo cha fundi saa, kaa nayo wiki nzima ukitaka, lakini usimpe mtu akusomee. Nakuomba.

Umeuliza kwa nini nilisimama. Nilisimama kwa sababu mara ya kwanza niliponyanyua mkono kibendera kilipanda, na kibendera hicho kilikuwa chako.

Unaikumbuka fainali ya wasichana ya mwaka ule. Mimi nina miaka kumi na minane, nimevaa namba nne, viatu vya kuazima vinanibana. Wewe uko pembeni na kibendera. Mgeni aliyekuja kutafuta wachezaji wa kuwapeleka nje amekaa kwenye kiti cha plastiki upande wetu, na daftari lake gotini. Sote tulijua amekuja kumtazama nani. Alikuja kumtazama Cheche, namba tisa wa timu ile nyingine. Mimi hakuwa na habari nami. Cheche alikuwa anatukimbiza tangu asubuhi kama kuku.

Tunaongoza bao moja. Dakika ya sabini na moja kiungo wao anainua kichwa, na mabeki wenzangu wanapiga kelele “Panda!” Wanapanda wote mbele kwa mpigo ili Cheche abaki nyuma yetu, aonekane ameotea. Mimi sikupanda. Nilikuwa nimechoka, Mjomba, sina sababu kubwa zaidi ya hiyo. Kisigino changu kilibaki nyuma hatua nzima. Cheche alikuwa halali kabisa, mimi ndiye niliyemhalalisha. Akapita, akafunga. Goli safi, kipa hakuugusa.

Nilijua. Nilitazama chini nikakiona kiatu changu kilipo. Na bado nikanyanyua mkono. Sikumtazama refa, nilikutazama wewe, nikakukazia macho kama mtoto anayeomba kubebwa. Na wewe ukanyanyua kibendera.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Cheche alikuja mbio akakupokonya kibendera akakivunja juu ya goti lake. Kadi nyekundu, na baadaye kufungiwa miaka miwili. Mgeni alifunga daftari, kisha akalifungua tena akaja kuniuliza mimi umri wangu, kwa sababu kati ya waliobaki uwanjani nilikuwa mrefu. Hivyo tu. Ndiyo kazi yangu yote ilivyoanza.

Na watu walipokucheka mtaani, wakasema macho ya mzee yamekwisha, mimi nilikuwepo. Nilikaa kwenye baraza ya mama nikawasikia. Ungeweza kuwa mshika kibendera wa ligi kubwa, wakakuacha. Sikufungua mdomo. Nilikuwa napanga nguo kwenye sanduku.

Wewe uliniamini mimi, na mimi nilikufanya kipofu mbele za watu. Sijui namna ya kukaa mbele yako tena. Tangu siku ile, kila nikibanwa, mkono unapanda wenyewe, na mahali fulani moyoni namngoja Mjomba aniokoe. Siku ile ya mwisho nilimgeukia mshika kibendera, nikaona ni mtu nisiyemjua.

Uwanja ule siwezi kuukanyaga. Wafute lile jina ukutani.

Mpwa wako


20 Septemba

Mpwa wangu Komeo,

Marahaba. Wote wazima, mama yako anakusalimu.

Barua yako ilifika mwezi uliopita. Nilikaa nayo siku tatu. Niliazima kioo cha fundi saa kama ulivyosema, nikapata neno “shikamoo” na neno “mwenyewe”, basi. Siku ya nne nikampa msaidizi wangu anisomee. Alipofika penye “usimpe mtu” aliuliza, “Mjomba, niendelee?” Nikamwambia endelea, mimi mzee wa miaka hii nina siri gani.

Komeo, msaidizi wangu ni Cheche.

Ndiye anayeandika mstari huu. Yuko hapa kibandani mwaka wa sita. Alikuja siku moja kuchongesha ufunguo wa kwao, akanitazama, akasema, “Wewe si yule macho mabovu?” Akacheka. Kifungo cha miaka miwili kilikuwa kimeshamlia mpira wake, alikuwa anashinda kwenye mashine ya kukoboa, mavumbi mpaka kwenye kope. Nikamwambia kuna kazi hapa. Hakuniuliza kwa nini. Kile kijiti cha kibendera alichokivunja nilikuwa nimehifadhi nusu yake, na mpaka leo ndicho tunachosimamishia dirisha la kibanda. Kila asubuhi anakichukua analisimamisha, anasema, “Haya, kazi ya adui yako.” Tunacheka wote.

Sikukuambia ni nani kwa sababu niliona haya.

Basi alikusoma mpaka mwisho. Alisoma jina lake mwenyewe, alisoma kisigino, alisoma mgeni na daftari, kwa sauti ileile anayosomea risiti. Alipomaliza akaikunja barua vizuri, akanigusa bega. Akasema, “Pole Mjomba. Kumbe na wewe ulidanganywa.”

Nami nikasema, “Asante.”

Nilisema asante, Komeo. Nilipokea ile pole nikaiweka mfukoni. Na tangu siku ile amekuwa mpole kwangu kupita zamani, ananiletea chai kabla sijaomba, ananivusha barabara kwa kiwiko. Asubuhi anaifuta miwani yangu kwa pindo la shati lake kama miaka yote, na siku hizi ananivisha mwenyewe. Nimekaa na wema huo mwezi mzima.

Sasa andika, Cheche. Andika kama ninavyosema, usipunguze.

Siku ile macho yangu yalikuwa mazima. Yalikuwa mazima kama ya mtoto. Nilikuwa sambamba na mabeki, mahali hasa ninapotakiwa kuwa, na niliona kila kitu. Niliona watatu wamepanda. Niliona kisigino cha namba nne kimebaki, na nyasi zilizokuwa kati yake na wenzake ningeweza kuzihesabu. Mpira ulipopigwa, namba tisa alikuwa halali. Nilijua ni goli kabla hajafunga.

Sikudanganywa na mkono wa mtu. Mkono wako, Komeo, ulikuwa haujafika begani na kibendera changu kilishaanza kupanda. Hilo usijibebeshe. Nilimwona yule mgeni na daftari lake, nikamwona mtoto wa dada yangu, nikafanya nilichofanya. Nilikupenda kupita sheria niliyoapa kuifuata. Jioni yake nikaandika kwenye ripoti: goli limekataliwa, mshambuliaji aliotea. Nikatia sahihi.

Waliposema macho yangu mabovu, niliona nimepata pa kujificha. Nikaenda nikanunua miwani. Ile ya fremu nyeusi, mnaijua nyote wawili. Vioo vyake vilikuwa vitupu kama vya dirisha, sikuvihitaji. Nilivivaa ili mtu yeyote asifikirie kwamba niliona.

Na wewe Cheche miaka sita unavifuta

Huu sasa ni mkono wangu. Ameweka kalamu mezani taratibu kama anavyoweka tupa. Amechomoa kijiti dirishani akaondoka nacho na dirisha limeniangukia, niko ndani ya kibanda mchana kweupe sioni kitu, ingawa tofauti si kubwa. Nimesikia nyayo zake mpaka kwenye ngazi za posta. Hazikukimbia. Sijui nitaipelekaje barua hii. Nitamwomba mama yako na nitalazimika kumwambia.

Mjomba


25 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba ya mbali, maana hujaandika na nakuelewa.

Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho, akaipeleka barua posta, akarudi, akaniambia, “Kaka, nilikutetea kwa watu wangapi?” Hajaja Jumapili tatu. Anapika ananitumia kwa mkono wa jirani.

Anayeandika ni Cheche. Amerudi jana, baada ya siku kama thelathini hivi (anasema ni thelathini na nne, na anasema nisitie “kama” wala “hivi”). Nilisikia dirisha linainuliwa na kijiti kinaingia mahali pake. Nikasema jina lake. Akajibu, “Sikurudi kwa ajili yako. Kuna mama nilimwahidi funguo mbili, na watu wanauliza kibanda kimekufa au vipi.” Akakaa, akaanza kupiga tupa.

Miwani haifuti tena. Haniiti Mjomba tena pia, ananiita mzee. Neno zuri la heshima, watu wote wananiita hivyo. Sikujua lingeniuma namna hii.

Leo asubuhi nikamuuliza nimfanyie nini. Nikasema nitapiga magoti, nitasema kwenye mkutano, chochote anachotaka. Akapiga tupa mpaka ufunguo ukaisha. Kisha akasema, nakupa maneno yake na yeye mwenyewe ndiye anayeyaandika: “Magoti yako siyahitaji, mzee. Miaka sita unaniimbia kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Goli langu halijaandikwa. Nataka liandikwe.”

Ripoti ile ya zamani chama cha mpira walishaichoma na makaratasi mengine. Na mimi siwezi kuandika nyingine, mistari inaingiliana. Yeye amekataa kuiandika, anasema mfungaji hajiandikii goli lake. Amebaki mtu mmoja aliyekuwa karibu kuliko wote.

Mjomba wako


18 Novemba

Shikamoo Mjomba. Na wewe unayemsomea, nakusalimu. Sikuandikii “ndugu” wala “rafiki”, sijapewa ruhusa.

Barua ya Septemba nilikaa nayo chooni, ndipo mahali pekee penye komeo humu ndani. Nilikukasirikia, Mjomba. Nilitaka kuamini kwamba nilidanganya mtu mwema. Kisha nikajiona nilivyo, kwamba hata hasira hiyo ni njia ya kukimbia, maana mkono niliunyanyua mimi, ufike begani usifike. Nimempigia mama. Nilimweleza yote na sikucheka, na mtandao ulikuwa mzuri mwanzo mpaka mwisho. Jumapili hii atakuja kwako. Usiseme nimekuambia.

Klabu hawaniongezi mkataba. Jumamosi iliyopita kocha aliniingiza dakika sita za mwisho, nadhani ili niage. Pasi ikapenya, mshambuliaji akanipita, na nikauhisi mkono unapanda. Nikaubana na kukimbia. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, sikumfikia, akafunga, na mimi nikaingia wavuni pamoja na mpira nikajinasa kama samaki. Watu walicheka uwanja mzima. Kipa alikuja kunitoa kwenye nyavu. Akasema, “Leo angalau ulikuja.” Usiku wake aliosha sufuria yangu.

Ripoti hii hapa. Nimeiandika kwa kalamu, bila kufuta.

“Fainali ya wasichana. Dakika ya 71, goli. Mfungaji ni namba tisa, kwa mguu wa kulia, chini pembeni kushoto. Hakuotea. Beki namba nne hakupanda na wenzake, na kisigino chake kilibaki nyuma kwa hatua moja. Namba nne alijua, akanyanyua mkono kudai kuotea. Mshika kibendera aliona kwamba goli ni halali, akanyanyua kibendera. Kadi nyekundu aliyopewa namba tisa na kifungo kilichofuata vilitokana na uongo wa watu hao wawili. Matokeo sahihi mpaka dakika hiyo ni bao moja kwa moja. Yaliyobaki hayakuchezwa kwa haki.”

Nitafika tarehe tatu Desemba. Kombe sitalikabidhi. Nitaisoma ripoti hii uwanjani kabla ya mechi ya kwanza, mbele ya ukuta wenye jina langu, kisha watoto wataamua wenyewe kama walifute. Naogopa, lakini nauli nimeshalipa.

Sahihi yangu nimeshaiweka chini, upande wa kushoto. Upande wa kulia nimeacha nafasi ya mshika kibendera. Cheche, mwoneshe mahali pa kuanzia, umwekee kidole chake hapo. Mkono wake ukitoka nje ya mstari usimshike. Aandike mwenyewe mpaka jina liishe.

Mpwa wako,
namba nne